Hesabu ya Kopo

Mizani ni ile ya kupimia unga wa keki,
kioo chake kimepata ufa pembeni.
Nimeiweka mezani, Pangani, ghorofa ya nne,
na juu yake nimeketisha kopo la gesi
tulilorudi nalo Agosti,
nusu, au tuseme nusu.

Mia mbili sitini na mbili.
Kopo tupu, limeandikwa kitakoni, ni mia na hamsini.
Zimebaki gramu mia na kumi na mbili.
Tulianza na mia mbili thelathini.
Hizo nyingine zimekwenda wapi, Barasa?

Chai, mara sita. Wewe hutaki sufuria ya kiasi,
unataka ijae hadi ukingoni, ifurike, izime moto.
Mayai. Soseji zilizoungua upande mmoja.
Maji ya kunawa uso, anasa yangu, nakiri.
Na ule usiku tuliogombania shamba la mama
hata sufuria ikachemka, ikakauka,
gesi ikinguruma chini ya bati tupu,
nawe hukunyoosha mkono, nami sikunyoosha,
kila mmoja akimngoja mwenzake aizime.
Huo peke yake naukadiria gramu arobaini.

Leo mchana nilishuka hadi Barabara ya Kirinyaga.
Muuzaji, binti aitwaye Mwende, kucha za samawati,
hakuniuliza nina pesa ngapi.
Aliuliza, "Unalala wapi?"
Aberdare, nikasema, kule juu kusiko na miti.
Akalirudisha rafuni kopo refu la bei nafuu,
lile la kuchomea nyama Karura siku ya Jumapili.
"Hii ni butani tupu. Baridi ikizidi
inalala humo ndani kama maji, haipandi.
Chukua yenye propani kidogo,
na mdomo uwe wa parafujo, si wa kubana.
Usiku lifungue kutoka jikoni, ulale nalo,
asubuhi litakuwa na joto lako.
Ila jiko usiliwashe ndani ya hema,
hata mvua ije na ndugu zake wote.
Ile hewa mbaya haina harufu. Haibishi hodi."

Ndugu zake wote.
Nikalipa haraka.

Sasa niko roshani, najaribu.
Nimelikaza kwa vidole tu, bila ubabe,
nimepaka povu la sabuni ya vyombo shingoni,
nimengoja kiputo.
Hakuna kiputo.
Nimefungua kidogo, nimebonyeza, tak,
na duara la buluu limekaa kimya juu ya jiko
dogo kuliko kiganja changu.
Mama Zubeda wa ghorofa ya tatu amepaza sauti:
nani anapika nje, na jikoni kwake anako?

Mama yetu alisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
akatupa kila mtu kijinga chake tubebe,
wewe mbele, mimi nyuma, moshi wako machoni pangu.
Moto huu haumhitaji mwenzi.
Kidole kimoja, cheche moja.
Nilidhani ningefurahi zaidi.

Nimezima. Nimesikiliza kama kuna kinachovuja.
Kopo jipya nimelifunika kofia yake, nimelitia mkobani
mbali na kiberiti, katikati ya soksi za sufu.
Lile la zamani ningeweza kuliacha chini ya sinki,
au kulimaliza hapa hapa kwa mayai ya kesho.
Badala yake nimeliandika ubavuni kwa wino mzito, 112,
nimelipiga picha, nimekutumia.

Zinatosha chai kumi, ukikubali sufuria ya kiasi.
Au magomvi mawili, na kikombe kimoja cha kusuluhishana.
Gari la Nyeri linaondoka Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi.
Njoo na kifuniko cha sufuria. Ulibaki nacho wewe.