Chumba Nisichokichora

Julai. Nguo za juzi bado mbichi kambani,
na Pangani yote imejifunika ukungu kama shuka la hospitali.
Nimetandaza karatasi ya miraba juu ya meza ya kulia,
pembe zake nimezikandamiza: kikombe, sahani ya mihogo,
dadu ya pande ishirini, simu iliyoisha chaji.
Ijumaa watakuja. Naijenga nyumba ya kuwatisha.

Sitaki kasri. Nani hapa amewahi kuogopa kasri?
Mnara juu ya jabali, radi, popo –
Ochola atacheka, aombe chumvi ya mihogo.
Nataka nyumba ya mawe ya Ngara, yenye vigae vyekundu,
veranda ya nguzo mbili, moja imepasuka,
mjakaranda umeingiza mizizi jikoni
kama mpangaji asiyelipa.
Juu ya paa, tangi la maji. Ndani ya tangi, sauti.
Ya nani? Naandika: ya mtoto.
Nafuta. Mtoto ni rahisi mno.
Naandika: ya mtu anayehesabu.

Halafu korongo, wale wa miti ya Nyayo,
wenye vipara na makoti ya wazikaji.
Hao siwabadilishi kitu.
Mungu alishanifanyia kazi.

Sheria ya kwanza: umeme ukikatika, asikimbie mtu.
Ya pili: mlinzi wa lango, Musembi, anakupa kitabu cha wageni
na jina lako limo tayari, kwa mwandiko wako,
saa ya kuingia imejazwa.
Ya kutoka, mstari mtupu.
Sheria ya tatu sijaipata.

Mwenye nyumba hanywi damu.
Anakunywa chai ya rangi, sukari hapana.
Alicho nacho ni hati. Saini ni ileile mwaka wa thelathini na moja,
ileile wa sitini na nne, ileile juzi,
mkia wa herufi ya mwisho umejikunja kama nge.
Juu ya mlango wake nimechonga ubeti, wausome kwa tochi:

    Karibu uliyefika, viatu vua ngazini,
    Deni lako lajulika, lilianza utotoni,
    Mjenzi nilimzika, analala msingini,
    Nawe ukishatoweka, utabaki kitabuni.

Mizani nimehesabu kwa vidole, mara mbili.
Hata zimwi liwe na adabu ya vina.

Ijumaa wakaja. Kabla sijazima taa, zikazimika zenyewe,
mtaa mzima. "Umewalipa?" akauliza Ochola gizani,
na kicheko chake kilikuwa kifupi kuliko kawaida.
Nikawasha mshumaa. Wakapita langoni, wakapita veranda,
Farhiya akajibu ile sauti ya tangini, ikaacha kuhesabu,
na hilo likawa baya zaidi.
Ghorofani, Wakesho akaweka kidole juu ya ramani.
"Hapa pana nini? Umeacha peupe."

Nikasema, tupa dadu.
Niliomba moyoni itoke ndogo.
Ikazunguka, ikagonga sahani, ikalala: ishirini.

Basi nikafungua.
Chumba kidogo. Meza ya mbao. Mhuri.
Kidau cha wino wa zambarau.
Kiti kitupu, na kiti kina joto.

"Ni cha mwenye nyumba?"
Hapana. Yeye hata njia ya kuja huku haijui.
Ni cha karani wake.
Zimwi halihitaji meno, Wakesho. Linahitaji mtu mmoja
wa kugonga mhuri saa nane mchana, karo ya mtoto haijalipwa,
bahasha imelala ndani ya faili,
na anwani iliyo juu ya faili ni ya watu
ambao jioni hiyo watapika ugali wao kama kawaida.

Hakuna aliyekohoa. Nta ilinidondokea mkononi.
Miaka tisa niko masijala ya ardhi.
Farhiya alikuwa akitazama vidole vyangu;
wino ule hautoki kwa sabuni.

"Karani ana uhai kiasi gani?"
akauliza Ochola, penseli tayari.

Nilikuwa sijaandika.