Mawe ya Foleni

Nyumba sina, lakini mlango ninao:
mlango wa ofisi ya vyeti na vitambulisho, nyuma ya Posta,
wa chuma, rangi yake ya kijani imebambuka,
na wa kwanza mbele yake ni mimi
kila siku ya Mungu, isipokuwa Jumamosi na Jumapili.

Nalala hapo juu ya boksi la friji.
Ubavuni mwangu mawe saba kwa mstari,
niliyookota kwenye mtaro waliouchimba Makadara wakauacha.
Kila jiwe ni mtu.
Hili jembamba ni mwalimu wa Mtongwe, anatafuta cheti cha mwanawe.
Hili lenye tundu ni Bi Rukiya wa Kuze,
ambaye picha yake ya zamani haifanani naye tena.
Hili zito, msiliguse, ni ajenti wa Kongowea:
ana watu kumi nyuma yake na hulipa kwa simu.

Mia moja kwa jiwe. Ikinyesha, mia na hamsini,
maana jiwe likilowa hukauka,
mimi nikilowa hukohoa.

Kazi yenyewe ni kulala. Mnacheka?
Jaribuni kulala kwa malipo:
jicho moja kwenye mawe, jicho moja kwa kanjo,
mguu umefungwa kamba kwenye mfuko wa sufuria.
Usiku wa manane hupita Katoo, mwizi wa nafasi.
Hasogezi ila jiwe moja, inchi mbili tu,
na asubuhi ni ugomvi wa watu wazima na heshima zao.
Ndurya, bawabu, hunitoza thelathini.
Mwanga wa taa ni wake, asema.

Saa kumi na moja vikombe vya kahawa vyagongana Mwembe Tayari,
mafuta ya mahamri yaanza kunguruma,
nao waja. Wamekoga.
Wana harufu ya sabuni, na ya kitanda.
Mwalimu anipa mia yake kwa ncha za vidole,
nainua jiwe, asimama palepale lilipokaa,
juu ya joto nililoliacha. Hajui
anakanyaga usingizi wa mtu.

Jana ilikuwa zamu yangu.
Naam, nami niliweka jiwe, la nane,
dogo, jeupe, la tumbawe, nikalitanguliza mbele ya yote.
Miaka kumi na moja sina kitambulisho.
Cha zamani kiliungua na chumba, Kisauni, pamoja na godoro.
Ajenti akafika, akaniinamia:
"Nyevu, niuzie hiyo ya kwanza. Elfu."
Elfu! Nikaitazama. Mpya, imekunjwa mara moja tu.
Nikamwambia, hiyo ina mwenyewe.
Akaangaza huku na huku kumtafuta.

Ndani kuna feni, na karani
mwenye hina ya harusi, bado nyekundu vidoleni.
Ananijua. Kila asubuhi hunivuka.
Jina? Nyevu Mwachiro.
Mwaka wa kuzaliwa? Nikampa ule aliokisia mama.
Unaishi wapi?
Kalamu ikasimama.
Mtaa gani, nyumba ya nani, jirani yako nani?
Nikasema, hapo mlangoni.
Akasema, mlango si mtaa, mama.
Basi andika jirani: Ndurya, bawabu.
Andika mwenye nyumba: serikali. Hajanidai kodi bado.

Hakucheka. Wala hakuandika.
Akanipa karatasi nikapigiwe muhuri na chifu
wa mahali ninapoishi,
na kwa chifu, alisema, nidamke,
kuna foleni.

Jioni nikapita kuitazama.
Baraza lake ni pana, lina paa la bati zima,
taa yawaka usiku kucha bila bawabu,
na chini, tangu ngazini hadi mlangoni,
hakuna jiwe hata moja.