Pomboo wa Rangi

Pomboo wangu ni mmoja, wa rangi,
alichorwa ubavuni mwa mashua
na fundi wa Nyawera anayechora saluni,
ndiyo maana mnyama ana nyusi.

Wageni hushuka Muhumba, kamera shingoni,
huuliza: Wanatoka saa ngapi?
Nami hujibu: Kivu haina pomboo, bwana,
haina mamba, haina kiboko.
Ina fisi maji, ukimheshimu,
na gesi imelala chini kabisa, hiyo usiiamshe.
Wengi hucheka. Mmoja alidai nusu ya pesa yake.

Juma lililopita wakaja
wanawake kumi na mmoja wa soko la Kadutu,
na likelemba ya mwaka mzima,
noti zimefungwa kwa uzi wa nyavu, zinanuka sambaza.
"Tunataka ile ya wazungu," akasema Mama Cibalonza.
"Ile yote. Hata kofia."

Saa kumi na mbili asubuhi, majile ya machungwa juu ya vitenge,
huyu na rozari, yule na chupa ya chai,
mji ukaanza kurudi nyuma,
kisha mabati ya Kadutu yakajitokeza
yamepandana kilimani
kama watu wanaogombania dirisha moja.
"Kumbe ndiko tunakoishi," akasema mtu.
Hakuna aliyemjibu.

Karibu na Ibinja nikazima mota,
nikasema maneno yangu ya kila siku:
pumua kwa mdomo, usikanyage mawe,
usimfukuze mnyama, yeye yuko kwake.
Nikatoa miwani na mirija.
Wakatazamana.
Kumi wakakumbuka kwamba wanaumwa kifua.

Nsimire akashuka.
Miaka thelathini anauza sambaza kwa kopo,
wakavu, macho wazi, mchanga mgongoni.
Nikamshika mkono. Akaingiza uso majini
kama anayechungulia sufuria ya jirani.

Akakaa.
Akakaa mno.
Mrija ukakoroma, nikadhani amekunywa ziwa;
kumbe anaongea, humo humo ndani.

Alipoinuka, mpira umemchora duara usoni.
"Wanageuka," akasema. "Wote. Mara moja.
Hakuna aliyewaambia, na wanageuka!
Mimi nawajua kwa kopo, Bahizire.
Sikujua kwamba wanang'aa wakikupa ubavu
na wakikupa mgongo hawapo."
Akapangusa pua.
"Na hawa wadogo hivi, hawajafika hata kucha,
mbona nimekuwa nikiwauza?"

Hilo sina maneno yake.
Mafunzo yangu yanaishia kwenye jile.

Ndipo Cibalonza akamfinya mwenzake:
kichwa juu ya maji, masharubu yanadondoka,
koo lina mabaka kama chai iliyomwagikia shati,
samaki mikononi.
Wauzaji kumi na mmoja wakanyamaza.
Nimeishi Bukavu tangu nizaliwe,
sijawahi kusikia kitu kama hicho.
Fisi maji akala, akitutazama mmoja mmoja
kama anayehesabu chenji.
"Anaanzia kichwani," mtu akanong'ona,
"kama mume wangu."
Mashua ikatikisika kwa kicheko
na pale alipokuwa yeye, mduara tu,
unapanuka, unapanuka,
ukatugusa.

Bandarini Nsimire akampapasa pomboo wangu.
"Na huyu?"
"Wa baharini. Sijamwona."
"Basi mwondoe nyusi," akasema, akafunga kitenge chake.

Jumanne nikapita sokoni kununua.
Akajaza kopo, akasawazisha kwa kiganja, akasita.
Akaanza kuchambua wale wadogo kwa ncha ya kidole,
mmoja, mmoja,
akawaweka pembeni juu ya kipande cha gazeti.
Foleni ikalalamika.
Walikuwa wamekwisha kukauka, hakujua awapeleke wapi.
Aliniangalia mimi, kiongozi.
Nikalipa.