Mwenyeji Apone

Miaka ishirini na sita nimetunza mafaili
orofa ya nne, mtaa wa Kanda, Tokyo,
juu ya duka la fremu za miwani.
Kazi yangu kufungua bahasha za waombao ruzuku,
wageni wanaotaka kutusoma:
huyu mapaa yetu ya nyasi, yule vitendawili vya watoto.
Mmoja kutoka Tartu aliomba miezi sita
achunguze jinsi tunavyoomba radhi.
Alipewa minne.

Eteri Lomtadze aliandika kutoka Kutaisi,
kwa kalamu ya wino, ingawa fomu ilitaka chapa.
Alitaka madaftari ya chumvi ya Kitamizo,
kijiji kilichobanwa kati ya mlima na bahari baridi,
atafute humo uasi wa mwaka wa njaa:
nani aliuanzisha, nani alinyongwa.
Bodi ikapenda neno uasi. Miezi kumi.

Alikuja kutia sahihi, koti limemzidi mabega,
akaniuliza kwa Kijapani cha vitabuni
kama Kitamizo kuna baridi.
Nikasema sijui. Sikuwa nimewahi kufika.
Hata leo.

Nilimfuata kwa stakabadhi tu:
mafuta ya taa, viatu vya mpira,
karatasi, karatasi, karatasi,
keki ya maharagwe kwa Bwana Sodeyama, mstaafu wa posta,
aliyemfundisha kusoma hati ya zamani,
ile inayotiririka, herufi moja ikimwagikia nyingine
mpaka hujui neno limeishia wapi.

Kwenye ripoti ya mwisho, kisanduku cha Mafanikio,
aliandika: Sikupata nilichokifuata.
Hakuna uasi. Kuna ndoo.
Akaambatisha kurasa mia nne na kumi na mbili
alizonakili kwa mkono:
kuni, majivu, siku za jua,
na majina ya wanawake waliopandisha maji ya bahari,
kila jina na ndoo zake.

Bodi ilikunywa chai. Profesa mmoja akasema,
Hapa hoja iko wapi?
Awamu ya mwisho ya fedha ikazuiwa, kifungu cha saba.
Muhuri wa HAIJAKAMILIKA niliugonga mimi.
Niliugonga vizuri, wino haukutapakaa.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
sisi daftari tulikuwa nalo,
tukakosa la kuliuliza.

Alirudisha kadi ya maktaba, akainama
chini kuliko ilivyohitajika.

Mwaka wa kumi na moja mlima ulishuka.
Mvua siku tatu, kisha udongo.
Ghala likaenda na kila kilichokuwa ndani.
Watu walikuwa shuleni, juu,
wakihesabiana kwa tochi.
Aprili simu ikalia, sauti ya mwanamke:
Zile karatasi za yule dada wa Jojia, bado mnazo?

Alifika kwa basi la usiku, na binti yake.
Nikafungua kabati la walioshindwa, lile lenye mlango unaokwama.
Kidole chake kikashuka, kikashuka, kikatua.
Shige, ndoo thelathini na nne.
Shige, ishirini na tisa.
Shige, mgonjwa.
Shige, mgonjwa.
Shige, arobaini.
"Bibi wa bibi yangu," akasema.
"Tulijua aliugua. Hatukujua kama alipona."

Niliiomba bodi ilipe ile awamu.
Kifungu cha saba hakina mlango wa kurudia.
Nikatoa zangu, nikazituma Kutaisi
na barua ndefu, ya kujitetea, naona aibu kuikumbuka.
Jibu lilikuja baada ya wiki tatu:
ukurasa mmoja, brashi na wino,
hati ile ile inayotiririka,
na mimi niliyezaliwa humu siisomi.

Alhamisi jioni kuna darasa, ukumbi wa kata.
Mwalimu hajafika hata miaka ishirini na mitano.
Nakaa nyuma, kioo cha kukuzia mkononi,
barua nimeikunja ndani ya gazeti wasiione.
Nimefika mstari wa tatu.
Neno la kwanza, nadhani, ni baridi.