Kisanduku cha Saa Tisa Usiku

Wewe kisanduku, mraba mtupu,
miaka miwili umenikodolea jicho lisilo na mboni
mwanzoni mwa mstari ule ule,
saa tisa na dakika kumi usiku,
seva za hospitali zikimaliza kujinakili
na Tartu nzima huko nje imezama thelujini.

Nilikuzoea. Ndiyo dhambi yangu ya kwanza.
Mtu huzoea jino bovu, huzoea mlango unaokwaruza,
sembuse kiboksi kimoja kwenye dirisha jeusi
mbele ya maneno matatu ya mzee Kaljo:
*Yote yamelala salama.*

Leo mwanagenzi wangu, Riinu, kauliza:
"Hiki nini?"
Nikasema, "Hitilafu."
Akasema, "Hitilafu haikai mahali pamoja miaka miwili.
Hiyo ni alama ya mtu."

Basi nikavua koti, nikaanza kuchokonoa.

Kwanza nikaiuliza seva inasema lugha gani.
Ikajibu: C. Herufi moja, kavu,
lugha ya mashine za kale zilizojua a mpaka z
na zaidi ya hapo hazina habari;
hata õ ya mto wetu Emajõgi haizihusu.
Nikaifundisha. Nikatoka, nikaingia tena.
Kiboksi kile kile.

Nikakumenya, baiti kwa baiti:
f0 9f a6 94.
Nne kamili, hakuna iliyodondoka njiani.
Kumbe hukuharibika, kisanduku. Ulifika mzima kila usiku;
mimi ndiye sikuwa na sura ya kukuvika.
Fonti yangu ni ya mwaka ambao hukuwa umezaliwa.

Nikapakua mpya. Nikafunga dirisha, nikafungua.
Riinu akashika ukingo wa meza.

Kalunguyeye.

Kalunguyeye wa kahawia, mdogo kama punje ya dengu,
pua juu, miiba nyuma,
na ile Y ya "Yote" imemkanyaga puani.

Hapo ndipo aibu iliponishika.
Dirisha hili la kizee lilimhesabia safu moja,
naye mwili wake ni wa safu mbili.
Kaljo alijua. Alimwachia nafasi mbili mbele yake,
nami, wiki ile ile alipostaafu,
nikaifuta moja. Nikaandika kwenye daftari la mabadiliko:
*nimesahihisha kosa la uchapaji.*

Nikampelekea picha. Mzee halali siku hizi;
yuko Otepää na mikono inayotetemeka
na rundo la majani makavu nyuma ya ghala
ambalo hataki mtu aliguse mpaka Aprili.
Jibu likaja chai haijapoa:

"Umemrudishia nafasi yake?"

Sikujibu. Nilirudi mstari wa mia nne na kumi na mbili,
kishale kikipepesa, kikingoja,
nikabonyeza kile kitufe kirefu kuliko vyote,
mara moja tu.

Riinu alikuwa amesinzia kitini.
Nikazima taa ya juu.