Kifaa Nambari 31

Wiki kumi na nne zimetimia.
Nimekuja Mkomani na sanduku la plastiki
kuvichukua vifaa, kimoja kimoja, kwa orodha.

Mwana Zenubu hajavua chake.
Kimeng'ang'ania juu ya kiwiko,
duara jeupe mfano wa kifungo cha kanzu,
kinachoisoma sukari bila kumtoa damu.

"Keti kwanza," aniambia. "Kahawa chungu, usiogope."

Ananitolea daftari la dukani,
amelijaza kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto:
mkate wa mofa mmoja, kumi na moja;
nusu mofa na samaki wa kupaka, nane;
tende tatu za futari (hapa wino umevuja) kumi na nne;
siku ya arusi ya mjukuu, halua: Mungu anisitiri.
Na Ramadhani ya tisa, alasiri,
kifaa kikalia, tatu nukta mbili,
akafungua kwa maji, naye akalia.

Hatukumwomba haya.
Hojaji yetu iliuliza tu kama ngozi inawasha.

"Tangu kije hiki sijachoma kidole.
Vidole vimepona, vinaihisi sindano,
nashona kofia tena.
Mkiondoka nacho, nani atanisomea?"

Nikasema matokeo yatachapishwa.
Nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Fomu ina visanduku viwili vya kutia alama:
kimerudishwa, kimepotea.

Kahawa imepoa. Kalamu ninayo.