Inchi Iliyobaki

Banda la ndege, Kaunas, Februari, saa nane za usiku.
Nje theluji inaanguka bila kumuuliza mtu.
Ndani tumeivua ndege nguo zake zote:
safu thelathini za viti ziko chini, kwenye saruji,
kama meno ya bandia yanayongoja asubuhi.

Chini ya viti huokotwa mali za watu.
Herini moja. Sarafu za nchi nne.
Makombo, kifungo, kadi ya bahati nasibu,
na safari hii jino la mtoto, limeviringwa kwenye karatasi.
Rimgaudas alilitia mfukoni, hakusema kwa nini.

Amri kutoka ofisini ilikuwa fupi:
kila safu ipunguzwe inchi moja,
inchi thelathini ziwe ishirini na tisa.
"Abiria hatahisi," waliandika, na chini yake sahihi
ya mtu ambaye, nadhani, hukaa safu ya kwanza.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba huliwa na nani.

Reli ya sakafuni ina matundu, moja kila inchi.
Unalegeza nati, unainua, unasukuma, tak, kiti kimeshika.
Safu ya pili tundu moja, ya tatu mawili,
ya kumi tisa,
hadi kule mkiani pakafunguka uwazi
wa viti sita, tikiti sita, mara nne kwa siku.

Hesabu nilifanya kwa penseli, juu ya boksi la nati:
thelathini mara thelathini, mia tisa.
Thelathini na moja mara ishirini na tisa,
mia nane tisini na tisa.
Nikarudia. Nikapima kwa futi kamba.
Inchi moja imebaki.

"Iweke popote," alisema Rimgaudas, akimimina chai.
"Haina mwenyewe."

Inchi isiyo na mwenyewe!
Nililala chali katikati ya ndege tupu, naiwazia
kama mtu aliyeachiwa shamba na mjomba asiyemjua.
Nikaipa safu ya kumi na tisa.
Usiniulize sana. Ndiyo namba ya nyumba tuliyokulia.

Mei tulipanda ndege hiyohiyo, mimi na mama,
kwenda Bergen kwa dada yangu Jolita, anayepakia samaki.
Mama Genovaitė, goti la kushoto la chuma tangu vuli.
Miaka tisa amewaambia majirani: mwanangu hutengeneza ndege.
Wao wakadhani injini.
Nami nikanyamaza.

Tikiti ya bei ya chini haichagui kiti.
Safu ya ishirini na sita. Aliingia kwa ubavu,
goti halikunjiki, mkoba tumboni,
barua ndani ya bahasha isiyo yake.
Nyuma yake kijana mrefu, miguu ya mpira wa kikapu,
magoti yakamkaa mgongoni.
Mama akageuka, akamtazama, akamwambia yeye:
"Pole, mwanangu."

Mimi nani angeniambia? Mwiba wa kujichoma.

"Nani kapanga hivi?" aliuliza baadaye,
bila hasira, kama anayeulizia mapishi.
"Kuna karatasi, mama. Hutoka ofisini."
Viatu nilikwisha vua. Kwa kidole gumba
nilikuwa naipapasa reli, nahesabu.

Tulipofika juu ya bahari ya Baltiki niliinuka kwenda msalani.
Uongo. Msala ulikuwa nyuma, mimi nilikwenda mbele.

Kumi na tisa, dirishani: msichana wa miaka minne, mitano hivi,
amelala mdomo wazi babaye, yeye macho.
Viatu vyekundu, havifiki sakafuni.
Anavibembeza mbele, nyuma, mbele,
na kila vilipokwenda mbele
havikugusa kitu.